Niliweka tiki kwenye "hapana", benki ikaniandikia barua: nilivyomaliza suala la kodi ya Marekani

Mwanzoni mwa 2024 mimi na mume wangu tulifungua akaunti ya pamoja ya akiba, kitu cha kawaida kabisa, tukajaza fomu tukaweka saini tukapewa namba ya akaunti tukaondoka zetu. Kwenye zile fomu kulikuwa na ukurasa mmoja unauliza kama wewe ni raia wa Marekani, nikaweka tiki kwenye HAPANA bila kuwaza hata sekunde mbili. Mistari michache chini yake wanauliza umezaliwa wapi, nikaandika Minneapolis, mji wa Marekani nilikozaliwa, maana pasipoti yangu ndivyo inavyosema. Sikuona tatizo lolote. Wiki tatu baadaye ikaja barua kwamba maelezo yangu yanapingana na nina siku 90 kuyarekebisha.

Naandika haya kwa sababu nilipokuwa natafuta mtu wa Kiswahili aliyepitia hili sikumpata, nikapata maelezo ya wanasheria tu, na mengine yalinitisha zaidi kuliko barua yenyewe. Kama umezaliwa Marekani wazazi wako wakiwa masomoni au kazini halafu mkaondoka ukiwa mdogo, hii inakuhusu hata kama hujawahi kurudi kule na huna karatasi yao hata moja.

Kwanza nilidhani ni matapeli. Barua inaomba pasipoti, namba ya mlipa kodi, saini, na kwenye imeili iliyofuata kuna kiungo cha kubonyeza, nani asingeshtuka? Sikubonyeza kitu, nikaichukua ile barua nikaenda nayo tawini kwa miguu yangu, na mpaka leo nasema ukipata barua ya aina hii fanya hivyo hivyo, usijibu kwa kiungo wala kwa simu uliyopigiwa, nenda mwenyewe uwaulize kama wao ndio walioiandika.

Dirishani nikakuta kijana mpole sana akaitazama barua akasema aah mama hii rahisi, tutajaza upya, pale mahali pa kuzaliwa tuandike jina la mji wa hapa hapa, mambo yanaisha leo. Nikamuuliza, na pasipoti je, si inasema kitu kingine? Akasema mfumo hausomi pasipoti. Nilikataa. Sikuwa najua sheria yoyote wakati ule ila nilijua kwamba nikisaini kitu ambacho najua si kweli basi siku kikifumuka aliyesaini ni mimi, yule kijana atakuwa ameshahamishiwa tawi lingine.

Akaniletea basi fomu nyingine, W-8BEN, akasema hii ndiyo wanaojaza wateja wote ambao sio Wamarekani, weka saini hapa chini. Hapa ndipo nashukuru nilikuwa na miwani yangu. Nikaisoma taratibu, na juu kabisa imeandikwa kwamba usiitumie kama wewe ni raia wa Marekani, tumia W-9, ambayo ndiyo fomu ya Wamarekani. Na sehemu ya saini inasema unatamka chini ya adhabu ya kiapo cha uongo kwamba wewe si mtu wa Marekani kwa mambo ya kodi. Nikamwambia kijana, sasa mimi sijui kama ni raia au siyo, nitaapaje? Akaenda kumwita dada wa kitengo cha komplayansi ghorofani, wale wanaohakikisha benki inafuata sheria.

Yule dada ndiye aliyenifungua macho, na sitamsahau. Alinikalisha kama dakika arobaini. Alianza kwa kusema mama, benki haikutozi kodi na mimi siruhusiwi kukupa ushauri wa kodi, ila naweza kukueleza sisi tunatafuta nini na tunapeleka nini. Nitaeleza alivyonieleza pamoja na niliyokuja kuyasoma baadaye, maana nikitenganisha nitapotea.

Marekani walipitisha sheria inaitwa FATCA, ilisainiwa Machi 2010. Ilikuja baada ya mambo kama ya benki ya Uswisi UBS, ambayo mwaka 2009 ilikubali kulipa dola milioni 780 kwa kuwasaidia Wamarekani kuficha pesa nje. Marekani wakasema basi, kila benki duniani itutafutie wateja wake ambao ni watu wetu kikodi na ituambie wana nini, na benki isiyokubali, malipo yake yanayotoka Marekani yatakatwa asilimia 30. Hakuna benki yenye kushughulika na dola inayoweza kubeba mkato huo, kwa hiyo zikajiunga. Serikali nazo zikaingia mikataba, kwa nyingi benki inapeleka taarifa kwa mamlaka ya kodi ya nchi yake halafu hiyo ndiyo inaipeleka kwa IRS, ambao ni mamlaka ya kodi ya Marekani, na kwa chache benki inapeleka moja kwa moja. Benki yangu iko kwenye kundi la kwanza.

Sasa benki inamjuaje huyu ni mtu wa Marekani? Dada akanionyesha orodha ya dalili wanazotafuta, nikainakili kwenye bahasha: uraia au ukaazi wa Marekani ulioandikwa kwenye faili, kuzaliwa Marekani, anwani ya Marekani hata kama ni sanduku la posta tu, namba ya simu ya Marekani, agizo la kudumu la kutuma pesa kwenye akaunti iliyoko Marekani, hati ya uwakilishi uliyompa mtu mwenye anwani ya Marekani, na ile hali ya mteja ambaye anwani yake pekee ni "kwa mkono wa fulani" au barua zikae benki. Moja tu inatosha kukusimamisha. Dalili si hukumu, hili alilirudia mara mbili, dalili maana yake benki inatakiwa ikuulize na wewe ulete maelezo. Ukiwa na namba ya simu ya Marekani kwa sababu mtoto wako anasoma kule, unaleta tamko na kitambulisho cha kwenu na inaisha. Ila kuzaliwa kule ndiyo dalili ngumu kuliko zote, kwa sababu kuiondoa unahitaji pasipoti ya nchi nyingine PAMOJA na cheti cha kupoteza uraia wa Marekani, au maelezo ya kueleweka kwa nini huna hicho cheti au kwa nini hukupata uraia ulipozaliwa.

Nikamuuliza sasa mbona akaunti yangu ya mshahara ipo hapa miaka yote na hamjaniuliza? Akasema akaunti za watu binafsi zilizokuwepo tarehe 30 Juni 2014 zikiwa na dola 50,000 au chini ya hapo, benki iliruhusiwa kuziruka, na zile za zaidi ya dola milioni moja zilichunguzwa kwa undani mpaka meneja anayemhudumia mteja anaulizwa anajua nini. Yangu ilikuwa ndogo ikarukwa. Hii mpya nimeifungua mwenyewe, nikajaza tamko mwenyewe, na benki hairuhusiwi kupokea tamko ambalo inaona kwenye faili lake yenyewe kwamba haliendani. Mimi nimesema siyo raia na hapo hapo nimeandika Minneapolis. Yaani karatasi moja ilinikana.

Kulikuwa na jambo la pili tena. Kwenye akaunti ya zamani bado kulikuwa na anwani yangu ya Ujerumani nilikofanya kazi miaka miwili, na namba ya simu ya kule ambayo hata laini yake nilishaitupa. Hiyo haihusiani na FATCA, inahusiana na utaratibu mwingine unaitwa CRS, uliotengenezwa mwaka 2014 na OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi la nchi nyingi tajiri, nchi za kwanza zikaanza kubadilishana taarifa Septemba 2017, na leo ziko zaidi ya mia moja. Tofauti yao kubwa ambayo watu wengi wanaichanganya, na mimi niliichanganya mwezi mzima: CRS haiulizi wewe ni raia wa wapi, inauliza wewe ni mkaazi wa wapi kikodi, unaishi wapi, unapaswa kulipa kodi wapi kwa sababu ya kuishi. Mahali pa kuzaliwa hapamo kabisa kwenye dalili za CRS. Marekani wao wanashika raia popote alipo, na ukiacha Eritrea sijui nchi nyingine yenye kufanya hivyo. Halafu Marekani yenyewe haijajiunga na CRS, inatumia hiyo FATCA yake tu. Na ile nafuu ya dola 50,000 kwa akaunti za zamani za watu binafsi, kwenye CRS haipo, hata akaunti yenye salio dogo inaangaliwa.

Kwa hiyo nilikuwa nimesimamishwa na vitu viwili tofauti kwa barua moja. Kama barua yako inataja vyote viwili vitenganishe siku hiyo hiyo, chukua karatasi mbili, andika juu ya moja URAIA na juu ya nyingine UKAAZI, usijibu swali la huku kwa karatasi ya kule.

Ya Ujerumani ilikuwa rahisi. Nilifikiri kwa kuwa bado nina namba yao ya kodi, ile ya tarakimu 11, basi bado mimi ni wao. Siyo, ile namba ni ya maisha, ukishapewa haifutwi, kuwa nayo si kuwa mkaazi. Nilikuwa nimetunza karatasi ya kujiondoa kwenye rejista ya wakaazi siku nilipoondoka, wao wanaiita Abmeldung, nikaipeleka pamoja na barua ya ukaazi wa kikodi kutoka mamlaka ya kodi ya huku ninakoishi, nikajaza tamko jipya la CRS nikiandika nchi moja tu. Siku nne likaisha. Ila na mimi nilikuwa na kosa, nilirudi nikabadilisha anwani kazini, hospitali, kwenye bima, kila mahali isipokuwa benki. Kubadilika kwa hali yako unatakiwa uiambie benki, ipo kwenye hiyo hiyo fomu uliyosaini, mstari wa mwisho wa maandishi madogo.

Ya Marekani sasa.

Nilirudi nyumbani nikampigia mama. Nikamuuliza baba alikuwa kule kwa viza gani, alikuwa ubalozini au vipi, kwa sababu nilishasoma kwamba watoto wa wanadiplomasia waliosajiliwa kama wanadiplomasia hawapati uraia kwa kuzaliwa, na moyoni nilikuwa naomba jibu liwe hilo. Mama akacheka, akasema mwanangu, baba yako alikuwa mwanafunzi, tulikuwa tunaishi chumba kimoja na kaka yako, balozi gani huyo. Basi likaisha hapo. Katiba ya Marekani kwa rekebisho la 14 la mwaka 1868 inampa uraia anayezaliwa kule, na mtoto wa mwanafunzi yumo. Niliondoka nikiwa na miezi 16. Nilikuwa raia wa Marekani kwa miaka 40 na sikujua.

Nililia kidogo, sitaficha. Sio kwa sababu ya uraia, ni kwa sababu nilikuwa nimesoma zile faini zao usiku. Mume wangu naye alikuwa kimya siku mbili, halafu akauliza kile kilichokuwa kinamsumbua: akaunti ni ya wote wawili, je na zake zinapelekwa? Ikabidi nirudi kwa yule dada kuuliza. Jibu ni kwamba akaunti ya pamoja ikiwa na mwenye mmoja anayeripotiwa, salio linaloandikwa kwa jina langu ni lote, hawagawi nusu kwa nusu. Ila jina lake yeye halipelekwi kama mtu wa Marekani. Kinachopelekwa ni jina langu, anwani, namba ya kodi ya Marekani, tarehe ya kuzaliwa kama hiyo namba haipo, namba ya akaunti, salio la mwisho wa mwaka, na riba iliyoingia. Mara moja kwa mwaka. Sio kila muamala, sio ulinunua nini na wala ulimtumia nani. Tukakubaliana mshahara wake ubaki kwenye akaunti yake mwenyewe, akiba ya pamoja iendelee. Hilo halikuwa kuficha, ni akaunti yake na pesa yake na yeye si raia wao.

Watu wawili walinishauri nifunge akaunti nihamie benki ndogo. Nawaheshimu lakini ushauri huo ni mbaya. Benki ndogo nayo inakuuliza swali lile lile, na akaunti iliyofungwa katikati ya mwaka nayo inaripotiwa kwamba ilifungwa, kwa hiyo umekimbia na umeacha nyayo. Tena Marekani wana utaratibu wa msamaha, nitaueleza mbele, na wanaangalia kama ulifanya kwa makusudi au kwa kutojua, sasa ukishapata barua halafu ukahamisha pesa, utasemaje hukujua?

Nilichofanya ndani ya zile siku 90: nilijaza tamko jipya, NDIYO mimi ni raia wa Marekani, na nikajaza W-9. Tatizo W-9 inataka namba yao ya hifadhi ya jamii, hiyo SSN, na mimi sikuwa nayo, wazazi wangu hawakuwahi kuniombea. Inaruhusiwa kuandika kwenye nafasi ya namba maneno yanayomaanisha namba imeombwa, maelekezo yao yenyewe yanasema hivyo, lakini ni lazima uwe umeomba kweli au unakusudia kuomba karibuni. Nikaambatisha barua yangu fupi kwa benki kueleza kwamba nimegundua, nimeomba namba, nitaileta. Wakagonga muhuri wa kupokea kwenye nakala yangu. Nakala ile naithamini, ikitokea mtu anakuambia hukujibu ndani ya muda unamwekea mezani.

Dada akaniambia kwa wateja wa zamani ambao dalili pekee ni kuzaliwa Marekani na namba haipatikani, IRS waliweka hadi tarakimu maalum za kujaza pale kwenye namba, 222222222, yaani mbili mara tisa, ili mfumo usikatae ripoti. Nilipata nafuu niliposikia hivyo, maana yake watu wa aina yangu ni wengi kiasi cha kutengenezewa tarakimu zao. Hata Boris Johnson aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza alizaliwa New York mwaka 1964, akajikuta anadaiwa kodi na Marekani kwa nyumba aliyouza London, akalipa, na mwaka 2016 akaukana uraia ule.

Kuhusu SSN. Unaanzia cheti cha kuzaliwa, niliagiza nakala halisi kutoka jimboni Minnesota. Halafu kuna fomu ya SS-5-FS kwa walioko nje ya Marekani, inapitia ofisi za ubalozi zinazoshughulikia mafao. Mtu mzima anatakiwa aende mahojiano na athibitishe kwamba hajawahi kuwa na namba hiyo, nikapeleka rekodi za shule tangu darasa la kwanza, kadi za chanjo, mikataba ya kazi, kila kitu cha kuonyesha maisha yangu yamekuwa nje. Hii ndiyo sehemu iliyochukua muda mrefu kuliko zote, niliomba Machi nikapata namba mwishoni mwa Julai. Ukipata barua ya benki usisubiri uelewe kodi ndio uombe namba. Omba namba kwanza, kodi utaisoma ukiwa unasubiri.

Na nikasoma kweli. Kitu kilichonitoa kwenye hofu ni utaratibu unaoitwa Streamlined kwa walioko nje, umetengenezwa kwa watu ambao hawakujua. Unawasilisha ritani za kodi, zile fomu za kutangaza kipato, za miaka mitatu ya mwisho, unatoa taarifa za akaunti za nje za miaka sita, na fomu 14653 ambayo unaandika hadithi yako mwenyewe kwa nini hukuwasilisha na kwamba haikuwa makusudi. Ukikubalika hakuna faini, unalipa kodi na riba tu kama ipo. Sharti mojawapo angalau mwaka mmoja kati ya ile mitatu uwe umekaa nje ya Marekani siku 330 kamili na huna makazi kule. Mimi nilikuwa nje siku zote za maisha yangu isipokuwa ile miezi 16. Ila hiyo ni kabla hawajakufuata wao wenyewe, wakishaanza uchunguzi juu yako mlango huo unafungwa, kwa hiyo usiulalie.

Kodi yenyewe ikawa sifuri kwa miaka yote mitatu. Mshahara wa nje unaruhusiwa kuuondoa kwenye hesabu ya kodi kwa fomu 2555, kwa mwaka 2021 ilikuwa hadi dola 108,700, mwaka 2022 dola 112,000, mwaka 2023 dola 120,000, na mimi siko hata karibu. Riba ya benki haiingii kwenye msamaha huo maana si jasho lako, lakini kuna kiasi ambacho kila mtu anapunguziwa na riba yangu ilimezwa humo. Sasa watu wanafikiri kama kodi ni sifuri basi hakuna haja ya kutoa ritani, siyo kweli hata kidogo. Mimi nimeolewa na mtu ambaye si Mmarekani, najaza kama mwenye ndoa anayewasilisha peke yake, na kwa kundi hilo kiwango cha kutakiwa kuwasilisha ni kipato cha dola 5. Tano! Pale kwenye namba ya mume unaandika NRA, yaani mgeni asiye mkaazi, hahitaji kuwa na namba yao.

Taarifa ya akaunti za nje ndiyo FBAR, fomu 114, haiendi IRS inaenda FinCEN, kitengo cha Hazina ya Marekani cha kupambana na uhalifu wa fedha, kwa mtandao, bure. Unatakiwa kuijaza kama jumla ya akaunti zako zote nje ya Marekani ilizidi dola 10,000 hata siku moja ndani ya mwaka. Jumla, sio kila moja. Na kwa mimi "nje" ndiyo nyumbani. Nilikaa na taarifa za benki za miaka sita nikitafuta siku ambayo kila akaunti ilikuwa juu kuliko zote, kazi ya kuchosha lakini si ngumu, nilifanya jioni nne. Kuna sehemu unaeleza kwa nini umechelewa, unachagua sababu nyingine na kuandika kwamba ni kwa utaratibu wa Streamlined.

Palipotaka kunishinda ni vipande vya mfuko wa uwekezaji wa pamoja nilivyonunua kidogo kidogo. Kwa Marekani mfuko wa nje wa namna hiyo una sheria zake kali na fomu yake 8621, na hesabu zake zinaumiza kichwa. Hapo nililipa mtaalamu, saa mbili tu, akaniambia kwa kuwa thamani yote mwisho wa mwaka ilikuwa chini ya dola 25,000 na sikuwa nimeuza wala kupokea gawio, sikuhitaji kuijaza kwa miaka ile. Hii ndiyo sehemu pekee ambayo ningemwambia mtu asifanye peke yake. Mwingine alikuwa ameniomba pesa nyingi kwa kazi yote na kunitisha kwamba nitanyang'anywa akaunti, huyo nilimkimbia.

Ritani za Streamlined zinaenda kwa karatasi, kwa posta, Austin, Texas, na juu ya kila ritani unaandika kwa wino mwekundu Streamlined Foreign Offshore. Nilituma Septemba 2024 kwa posta ya kusainiwa. Usisubiri barua ya kukubaliwa, hawatumi, kimya chao ndiyo hali ya kawaida, tunza risiti ya posta na nakala.

Halafu nikaipeleka namba benki. Dada aliingiza kwenye mfumo mbele yangu, akaprinti tamko, nikasaini, na nikamwomba anipe nakala ya kinachoonekana kwenye faili langu lote: anwani, simu, maagizo ya kudumu, nani ana hati ya uwakilishi. Tukakuta ile namba ya simu ya Ujerumani bado imebaki sehemu moja kwenye akaunti ya zamani, akaifuta. Nilikaa pale nusu saa na nilitoka nikiwa mwepesi kuliko nilivyowahi kuwa tangu Februari.

Kuhusu kuukana uraia, nimeulizwa sana. Sijaamua. Ada ilipandishwa mwaka 2014 kutoka dola 450 hadi 2,350, na nilipotuma ritani zangu 2024 ilikuwa bado hiyo, na ili utoke vizuri unatakiwa kuthibitisha umetimiza kodi miaka mitano iliyopita, kwa hiyo hata anayetaka kutoka lazima apite njia hii hii niliyopita. Kwa sasa kila mwaka natoa ritani na FBAR, mwaka huu zote zilinichukua siku moja ya Jumamosi.

Kaka yangu yeye alizaliwa kule kule miaka miwili kabla yangu, na benki yake haijamwandikia. Mwanzo alisema mimi nimejitafutia, angeacha mambo yalale. Mwezi uliopita amebadilisha kazi, mwajiri mpya anataka afungue akaunti benki nyingine, akanitumia picha ya ile fomu na kuniuliza aweke tiki wapi. Nimemwambia asiweke popote mpaka Jumapili nifike kwake. Na cheti chake cha kuzaliwa nimeshamwagizia Minnesota, kiko njiani.